Kiatu Chako cha Kushoto Kinavuja

Vingunguti, Jumamosi, jua limeshaanza kushuka

Wande mwanangu,

Salamu sikuandikii. Asubuhi umeniamkia, nimekuitikia, na chai tumekunywa pamoja. Mambo ya kufunga begi, sijui chukua sweta, sijui usinunue vya kuuziwa dirishani, hayo mama yako mdogo kule Tandale atakujaza masikio mpaka uchoke. Wewe umekwenda kumuaga, mie nimebaki hapa kibarazani pangu pa kazi, nikasema niandike kabla hujarudi. Kwa mdomo siwezi, najijua. Nitaanza vizuri, katikati nitajisifu, wewe utacheka, na neno lenyewe litabaki tumboni.

Neno lenyewe ni hili: kiatu chako cha kushoto kinavuja.

Hicho hicho kipya, cheusi, ulichokisifia ukasema safari hii mama umejishinda. Nilikijaza maji, nikakiweka juu ya gazeti kavu kama ninavyofanyaga siku zote, nikaenda kupika. Niliporudi gazeti limelowa upande wa nje, pale mguu wako, huo uliozaliwa nao umepinda, unapokanyagia ubavu. Nikafumua nikashona upya. Kikavuja. Nikafumua tena, nikabadilisha uzi, nikashona taratibu kama mtu anayevusha yai. Kikavuja palepale. Wewe ulikuwa unapita unaimba, unaniuliza, "Mama, bado tu?" nami nakujibu, "Kizuri hakitaki haraka." Ulikuwa uongo, mama. Kizuri kilishanishinda.

Kesho unakwenda Mufindi kuwa karani wa kupima majani ya chai. Walipokupigia simu nilikuwa nimekaa pembeni, nikamsikia yule bwana akikuuliza kama unaweza kutembea shambani kutwa, kutoka kundi moja la wachumaji hadi jingine, kwenye ukungu na tope. Ukamjibu, "Naweza, bosi." Nilijivuna mpaka nikataka kumnyang'anya simu nimwambie huyo ni mtoto wa nani. Halafu nikaingiwa na baridi, maana nilijua umejibu kwa kutegemea kiatu changu. Wewe na mie tunajua maji yakiingia pale. Ngozi ya ubavu wa mguu inalainika, inachubuka, inakuwa kidonda, na kidonda kikishafunguka hukanyagi. Hapa nyumbani ukishindwa kukanyaga unalala, nakuletea uji. Huko ukishindwa kukanyaga watamwita mwingine. Wasiokuwa na kazi ni wengi kuliko majani yenyewe ya chai.

Sasa nikuambie kinachonitokea, maana wewe unaona mama ni yuleyule.

Uzi mzuri unausikia kwa vidole, Wande. Nilizaliwa kwenye nta, kwetu Sikonge kila nyumba ina mzinga, na babu yako alinifundisha kuvuta uzi kabla sijajua kusuka nywele. Unachukua nyuzi nyembamba za katani, unazisokota pajani ziwe moja, unaupitisha huo uzi kwenye bonge la nta, unavuta, unarudisha, unavuta, mpaka nta ipate joto iingie ndani. Ikibaki juu juu tu, ni sawa na kujipaka mafuta juu ya vumbi. Ikiingia vizuri, uzi unabadilika mkononi. Unakuwa mzito kidogo, unakushika, na ukipita kwenye tundu la ngozi unalia. Ndiyo maana nikishona sitakagi redio. Babu yako alikuwa akisema maji hayana shida na ngozi, ng'ombe amenyeshewa maisha yake yote; maji yanatafuta tundu ulilotoboa wewe. Kazi ya nta ni kulijaza hilo tundu.

Na mie nilikuwa nalijaza, mwanangu. Acha nijisifu, karatasi ni yangu. Muulize mtu yeyote kuanzia machinjioni hadi Buguruni. Viatu vya Mama Wande vimevuka masika mangapi? Wachinjaji wanaosimama kwenye maji na damu kutwa walikuwa wanaviacha viatu vya dukani wanakuja kwangu. Yule mnene, aliyekuwa akimuuzia marehemu baba yako ngozi, alisema mbele za watu, "Mguu wangu haujalowa tangu nimjue huyu mama." Watu walicheka vibaya, lakini mie nilichukua sifa yangu nikaenda nayo nyumbani.

Ila sasa vidole vimekufa ganzi. Ile sukari, niliyokuambia imeshuka, haijashuka. Ilianza ncha ya kidole kidogo, ikaja hiki cha kati, sasa ni vyote vya mkono wa kulia. Nashika uzi sijui kama nimeshika uzi au hewa. Nauvuta, nasikiliza, nasikia unalia, lakini sijui nimekaza au bado. Juzi nilijitoboa kwa msharasi, hii sindano yangu ya viatu, nikaendelea kushona. Nilijua nilipoona uzi umekuwa mwekundu. Uzi uliolowa damu haupokei nta, ikabidi nitupe wote. Nilikwenda kuutupa nyuma ya choo usiuone.

Daktari sitamlaumu. Alisema ganzi hii ikishaingia ndiyo imeingia, tunachoweza ni kuizuia isipande. Nikamuuliza, "Sasa nitashonaje?" Akasema, "Mama, pumzika." Pumzika! Mie?

Unajua mie si mtu wa kukosea. Haya, umecheka. Nilikosea mara moja ikavuma Vingunguti nzima.

Ulikuwa darasa la saba. Nta ya nyumbani ilikuwa imechelewa kuja, mie nina kazi nyingi, nikajiona nina akili kuliko babu yako. Nikasema hapa tumekaa mlangoni kwa machinjio, shahamu ya ng'ombe inamwagwa bure, kwa nini nisiichanganye na nta? Nikayeyusha, nikachanganya. Wande, sijawahi kuona uzi mlaini kama ule. Ulikuwa unapita kwenye ngozi kama mlenda. Nikajaza viatu maji, gazeti kavu. Nikawatangazia watu: nimevumbua. Nikamshonea yule mnene, nikamshonea katekista, nikawashonea wapiga debe wa stendi, na wewe nikakushonea kiatu cha kwendea sekondari.

Panya wa mji huu wakajua kabla yangu.

Wa kwanza kuja alikuwa katekista, kashika kiatu kimefunua mdomo. Akasema kwa upole wake ule, "Mama Wande, hivi hivi viatu umenishonea au umenipikia?" Nikamwambia labda ameviweka karibu na chakula. Akaja wa pili. Akaja yule mnene kifua wazi, nyuzi zimeliwa zote, soli kaishika mkono mmoja, ngozi mkono wa pili. Bi Mwantumu naye, jirani yetu mwenye mdomo kama pasi ya mkaa, akasimama pale mlangoni kwake anajipepea. "Mama Wande! Panya wanakusalimia. Wanasema jana ilikuwa tamu, ila hujaweka chumvi."

Nilicheka na wao. Mpaka asubuhi ile ya kuanza shule.

Hiyo unaikumbuka kuliko mie. Uliingia chini ya kitanda kutoa kiatu, ukatoka umeshika ngozi tupu. Hukulia. Nikakufunga mguu kwa kipande cha kanga yangu, nikakuvalisha ndala, nikakuambia, "Nenda mama, leo tu, kesho nitakuwa nimeshona." Ulikwenda. Kulikuwa na matope, kanga ikafunguka njiani, ndala ikabaki kwenye tope, ukaingia getini na mguu wazi. Wakautazama wote. Uliporudi ulipita hapa kibarazani, mie nina mteja, namwambia uzi wangu mpya haupitishi maji. Ukasubiri mpaka aondoke, ukasema, "Mama, wewe unashona ili usifiwe. Mie nataka kutembea tu."

Nilikuambia una adabu mbovu. Ndiyo jibu nililokuwa nalo.

Nilikwenda nikatafuta mafuta ya mwarobaini, nikachanganya na nta na ulimbo kidogo wa msonobari, na shahamu sikuigusa tena. Ni machungu yale, panya akionja anakwenda kuomba maji. Viatu vyako vyote tangu siku ile vimeshonwa na uzi huo, na hakuna panya wala maji yaliyopita. Hilo nalisema kifua mbele. Lakini tangu siku ile hujawahi kuvua soksi ya kushoto mbele ya mtu asiyekuwa mie. Unalala nayo. Unaoga umefunga mlango, unatoka nayo. Shangazi yako amekulea na kukuogesha mdogo, akija sasa hata yeye humuonyeshi. Mie nikawa nakupima peke yangu, nakukatia peke yangu, nakushonea peke yangu, na Mungu anisamehe, niliona raha. Nilisema, huyu mtoto bila mama yake haendi popote. Ndiyo hivyo, na kesho unakwenda.

Ulipokuwa unaomba nikufundishe kushona, nilikuwa nakunyang'anya msharasi. "Mikono ya kalamu hiyo, usiiharibu." Ukanywea. Sasa hata ningetaka kukufundisha, jioni moja haitoshi kumfundisha mtu kusikia uzi, na mwalimu mwenyewe hasikii.

Basi jana nilifanya jambo ambalo kama ungeniambia zamani ningekurushia nyundo. Nilikifunga kiatu chako kwenye kanga nikaenda stendi kwa Fundi Mbwana.

Ndiyo, huyo huyo. Fundi Gundi. Huyo ambaye mie ndiye niliyempa hilo jina, kwa kuwa kila kiatu kwake ni gundi na uzi wa nailoni, na nikisikia mtu kashonewa kwake nasema nendeni mkachukue rambirambi. Aliniona nakuja akasimama.

"Shikamoo Mama Wande."

"Marahaba."

"Leo jua limetokea wapi?"

"Acha maneno, Mbwana. Shika hiki."

Akakifungua, akakigeuza. Wale vijana wa bodaboda waliokaa pale wakageuka kututazama, maana wanajua mie na yeye tulivyo. Akapitisha kidole gumba kwenye mshono. Vidole vyake vinasikia, Wande. Nilivionea wivu kama mwanamke anayetazama nguo ya mwenzake.

"Huku umeshona vizuri," akasema. "Huku umelegeza. Halafu unakaza, halafu unalegeza. Mama, unaumwa?"

"Nimekuja kuulizwa hali au nimekuja na kazi?"

"Umekuja na kazi." Akaingiza mkono ndani ya kiatu, akapapasa. "Mguu gani huu?"

"Wa binti yangu."

"Najua ni wa binti yako, nauliza umekaaje. Kisigino kiko wapi? Hapa? Au hapa?"

Nikamuonyesha kwa mikono. Nikamkunjia ngumi, nikamgeuzia kiganja, nikamwambia anakanyaga hivi, uzito unakuja huku. Akatikisa kichwa. Nikamwambia tena. Akasema, "Mama, mie nitashona, na nitashona kwa uzi wako, siyo wa kwangu, nipe hiyo nta yako. Lakini mguu nisiouona siushonei. Pale panapovuja panasukumwa kila hatua. Nikikaza kwa kubahatisha, patakatika huko porini, hata wiki hapamalizi. Niuone umekanyaga chini."

"Hauonyeshi."

"Basi chukua kiatu chako, mama yangu. Nisije nikala rambirambi za watu."

Alilisema bila kucheka. Wale wa bodaboda walicheka, na nilistahili.

Bonge la nta nilimwachia. Nikamwambia na vipimo, mwarobaini kiasi gani, ulimbo kiasi gani, moto uwe wa makaa yaliyochoka, nta isichemke. Hiyo siri babu yako alinipa sehemu, nyingine niliilipia kwa aibu ya panya, na sikuwahi kumwambia fundi yeyote. Nilidhani nikiitoa nitaumia. Sikuumia. Nilijiona kama mtu anayemkabidhi mwenye nyumba funguo.

Sitakudanganya kwamba mambo yatakuwa mazuri, mwanangu. Mie si mzuri wa kutia moyo, ni mzuri wa kujisifu, na hivyo viwili si kitu kimoja. Hata Mbwana akishona leo, kiatu hiki ni cha masika moja, na huko unakokwenda wanasema masika hayana mwisho. Kikikatika mie sitakuwa na mikono ya kukushonea kingine. Hiki ndicho cha mwisho, na hata hiki nimeshindwa kukimaliza. Huku nako kazi yenyewe inakufa. Watu wananunua vya plastiki, kikikatika wanatupa mtaroni, na siwalaumu, nani ana muda wa kukaa anasokota uzi pajani? Nikifunga hiki kibaraza hakuna anayekifungua. Daktari ananiambia niangalie miguu isije ikafuata vidole. Nitaangalia. Lakini ukiniuliza kama nadhani nitakuwa nakusubiri hapa na msharasi mkononi siku utakaporudi, hapana. Sidhani.

Nikuambie na hili, halafu niache. Huko Mufindi, kila kiatu kitakapochoka, itabidi utafute fundi usiyemjua, ukae mbele yake, uvue soksi, akutazame. Wengine watakutazama vibaya. Wengine wataita wenzao. Mmoja atashona ovyo na utarudi na kidonda. Utarudia tena kwa mwingine. Sina njia nyingine ya kukupa. Nimeitafuta wiki nzima kwenye ngozi na kwenye nta, haimo. Mie nilikuficha ndani ya mshono wangu miaka yote nikidhani nakutunza, na mshono umelegea.

Ningependa wa kwanza kukutazama awe mtu ninayemjua, na mie niwe nimekaa karibu.

Kwa hiyo nimemwita Mbwana. Yuko hapa. Amekaa kwenye benchi la wateja, kaja na koleo lake na uzi ameshaupitisha kwenye nta mwenyewe. Niliusikiliza akivuta, unalia vizuri kuliko wa kwangu wa siku hizi. Bi Mwantumu ametoa kiti chake nje anajifanya anachambua mchele. Nimemwambia aingie ndani, kaniambia, "Mie nimemuona huyo mtoto akiota jino la kwanza, leo ndiyo unifukuze?" Lakini ameingia. Pazia linatikisika, ila ameingia.

Nakusikia mwanzo wa uchochoro, unaitikia salamu za watu. Nitakupa karatasi hii mkononi na sitasema kitu. Ingia nayo chumbani uisome. Ukitoka na soksi, nitamshukuru Mbwana aende zake, na sitakuuliza neno mpaka basi linaondoka. Utasafiri na kiatu kinachovuja, utakuwa unajua, na utaamua mwenyewe huko mbele.

Ukitoka bila soksi, usinitazame mie. Kanyaga chini, mkanyago wako wenyewe, uzito wote. Kaa kwenye kigoda changu, nimeshakifuta vumbi. Mie nitasimama.

Aliyekuzaa na kukushonea,
Mama